Michezo Mitatu ya Opereta

Hospitalini walimwita Sauti, na wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kumtia machoni. Alikuwa opereta wa simu. Ukipiga namba kuu ya hospitali mchana wowote wa siku ya kazi, yeye ndiye aliyepokea, na kabla hujamaliza kueleza shida yako alikuwa ameshajua pa kukupeleka. Namba za ndani zilikuwa mia tatu na ishirini na zote alikuwa nazo kichwani: maabara, wodi ya wazazi, stoo ya dawa, hata ile ya karakana ya vitanda iliyopigwa labda mara mbili kwa mwaka. Madaktari wapya walijaribu kumtega, wakaishia kucheka wenyewe na kukata simu.

Yeye mwenyewe hakuona. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru taratibu, na alipotimiza miaka ishirini na mbili hakikubaki kitu. Akapelekwa chuo cha wasioona, akatoka na mambo mawili: kazi ya simu na mchezo wa sataranji. Chuoni walichezea ubao wenye vitundu, kila kete ikiwa na kijiti chini yake ili isianguke unapoipapasa. Kete nyeusi zilikuwa na kichwa cha pini juu, ndivyo ulivyozitofautisha na nyeupe. Alipooa, alimfundisha mkewe. Mke alijifunza mpaka mwendo wa farasi, akachoka.

"Baba watoto," alimwambia, "mimi nina cherehani yangu inanisubiri. Huyu farasi wako anaruka kama kalewa."

Ubao ukakaa juu ya kabati miaka na miaka. Kilichomrudisha mchezoni ni simu. Ilikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, naye akaibatiza Kasuku. Mpinzani akisogeza kete, Kasuku anatamka: "Farasi, f tatu." Basi. Ubao wenyewe alikuwa nao kichwani, miraba sitini na minne, kama alivyokuwa na namba za hospitali. Hakuwa mtu wa kujishusha kwa jambo analoliweza. Ukimuuliza anawezaje, alikujibu kwamba kichwa anacho na anakitumia.

Mwaka mmoja na nusu alikuwa akicheza na mwanamke aliyejiandikisha kwa jina la Ngome Mbili. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, anaishi mji mwingine. Kila saa saba mchana, Sauti akiwa kwenye mapumziko, walicheza mchezo mmoja wa kirafiki, usio na pointi wala cheo. Katikati walitumiana ujumbe wa sauti. Mwanamke alimwita Opereta, kwa kuwa alishaambiwa kwamba anapokea simu za hospitali na mji aliopo, naye alimwita Mwalimu. Mwalimu alikuwa mkali na alishinda michezo miwili kati ya kila mitatu, jambo lililomfanya Sauti aione saa saba inachelewa kufika.

Kitu kimoja tu hakuwa amemwambia, kwamba haoni. Haikuwa aibu. Watu wote wengine maishani mwake walikutana kwanza na fimbo yake nyeupe, ndipo wakakutana na yeye, wakiwa tayari wameshampunguzia sauti na kumwongezea huruma. Mwalimu alikutana kwanza na ufunguzi wake wa mchezo, akausema kuwa ni wa kizembe. Sauti aliupenda usemi ule, na hakuona sababu ya kuuharibu.

Kisha simu ikajisasisha yenyewe. Jumatatu moja Kasuku akawa na maneno mapya. Mwalimu aliposogeza malkia, Kasuku akasoma mwendo kama kawaida, halafu akaongeza: "Tahadhari. Ngome yako iko hatarini. Hatua nzuri: askari, h tatu."

Sauti alishtuka kidogo, kisha akacheza askari, h tatu. Alijiambia kwamba angeiona hatua hiyo hata hivyo, na labda ni kweli. Jumanne Kasuku akamwonya mara nne, Jumatano mara sita. Akashinda Jumatatu, akashinda Jumanne, akashinda Jumatano. Mwalimu alimsifu kwa sauti ya mtu anayemeza kitu kichungu: "Opereta, umekuwa hatari siku hizi. Umekula nini?"

Aliposikia swali hilo hakucheka. Jioni ile alikaa kitandani, akapekua mipangilio ya simu kidole kwa kidole, akakipata kile kipengele cha ushauri, akakizima. Mkewe alikuwa akikunja nguo.

"Unamnyamazisha mke mwenzangu?" aliuliza.

"Namwachisha umbea tu. Kusoma ataendelea kunisomea."

Alidhani mambo yameisha hapo. Alhamisi alicheza kwa kichwa chake, akapigwa. Ijumaa akapigwa tena, vibaya. Jumatatu iliyofuata walikuwa katikati ya mchezo mzuri, naye akarekodi ujumbe wa utani kuhusu malkia wa Mwalimu. Wakati anarekodi, Kasuku akaingilia, kwa sauti yake ile kavu: "Farasi, e tano." Ujumbe ukaenda na sauti zote mbili.

Kisha Kasuku akasoma maandishi ya Mwalimu: "Kumbe unaambiwa na kompyuta. Nilijiuliza wiki nzima. Kwaheri, Opereta." Na mchezo ukafungwa.

Sauti aliiweka simu mezani taratibu. Mwenzake wa zamu, ambaye wote walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wake, alikuwa meza ya pili akinywa chai.

"Kuna nini?"

Akamweleza yote, pamoja na ile michezo mitatu. Mama Pacha alisikiliza, akavuta funda la chai.

"Sasa hapo shida iko wapi? Mwambie huoni, atakuomba radhi yeye. Hiyo mitatu nyamaza. Ni gemu tu, Sauti. Kuna kombe hapo? Mtu akitaka kusaidiwa na simu yake anamkera nani?"

"Kungekuwa na kombe, ningesema nilikuwa na tamaa ya kombe," Sauti alijibu. "Sasa hakuna. Kilichokuwepo ni mimi na yeye tunapimana akili. Mimi nikijitoa nikaweka mashine, yeye anapimana na nani? Nimemwachia kiti kitupu, na yeye anaongea nacho."

"Mh. Kwa hiyo na kukusomea nako kubaya?"

"Kusoma ni macho. Macho sina, nimeazima. Ile nyingine ni kufikiri, na hiyo ninayo. Hapo sikuwa na haja ya kuazima."

Mama Pacha akamwambia anajitafutia makuu, halafu simu zikaanza kulia na wote wakarudi kazini. Lakini Sauti alikuwa ameshaamua. Njia ya Mama Pacha ilikuwa nyepesi: kuutoa upofu mbele, na Mwalimu angelainika papo hapo, asiulize zaidi. Hiyo hasa ndiyo iliyomchukiza. Miaka yote alikuwa amekataa kuyatumia macho yake kama barua ya kuombea msamaha, asingeanza leo.

Saa kumi, zamu ilipoisha, alirekodi ujumbe akiwa bado kwenye kiti chake. Alianza na kosa.

"Mwalimu, Jumatatu, Jumanne na Jumatano ya wiki iliyopita nilikushinda nikiwa nashauriwa na simu. Sikuiomba inishauri, lakini niliisikiliza, na nilijua ninachofanya. Jumatano jioni nikauzima ushauri. Alhamisi na Ijumaa ulinipiga mimi mwenyewe. Jambo la pili: sauti uliyoisikia leo haikuwa ikinishauri. Ilikuwa inanisomea ulichocheza wewe, kwa sababu mimi sioni. Sijaona tangu nina miaka ishirini na mbili. Haya mambo mawili usiyachanganye, mimi siyachanganyi."

Akautuma, akachukua fimbo yake, akaenda nyumbani. Hakujibiwa siku ile, wala kesho yake. Saa saba ya Jumanne alikaa na simu mkononi, akaishia kumsikiliza Mama Pacha akisimulia habari za mapacha.

Jumatano asubuhi, kati ya simu ya mtu anayetafuta wodi ya mifupa na nyingine ya mtu wa mitungi ya oksijeni, akapokea na kusema salamu yake ya kawaida, na upande wa pili mwanamke akasema, "Naomba opereta."

Aliitambua sauti kabla neno halijaisha.

"Ndiye anayeongea, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hospitali zenyewe ziko tatu mji huo, nimekosea mbili kabla ya kukupata. Nimekuja na maswali."

"Uliza."

"Ubao unauweka wapi?"

"Kichwani."

"Wote? Mpaka mwisho wa mchezo?"

"Wote."

Akamsikia akihema. Alisubiri ile sauti iteremke, iwe laini, kama zinavyokuwa sauti za watu. Haikuteremka.

"Basi macho nimeyaelewa, na pole sikupi, maana miezi kumi na minane umenitoa jasho nami nina macho mawili na miwani. Tuje kwenye ile mitatu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipenda kushinda."

"Hilo najua, ni ugonjwa wetu sote. Nauliza kwa nini hukusema. Mimi nina mpwa wangu, tunacheza naye kila Jumapili, anatumia kompyuta waziwazi, ananipiga, tunacheka. Nimekubali mwenyewe. Nikijua nacheza na mashine, nacheza kama mtu anayecheza na mashine. Wewe ulinifanya nikae nikidhani nimezeeka. Nilikwenda kupima macho, Opereta. Nilidhani siuoni tena ubao."

Hilo lilimwingia. Laini nyingine ikalia. Mama Pacha akaichukua bila kuambiwa.

"Nimekukosea," Sauti akasema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe jana. Nilitaka kukusikia ukisema bila kurekodi." Sasa sauti yake ilikuwa ya darasani. "Nisikilize. Ile mitatu nimeifuta, wewe nawe ifute. Huyo anayekusomea aendelee kusoma. Akianza kushauri, unaniambia saa ile ile, na mimi nitachagua kama naendelea au naacha. Mchezo ukiisha, sote tuiulize hiyo kompyuta tulipokosea, tujifunze. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Na huo ufunguzi wako bado ni wa kizembe."

"Tutaonana saa saba, Mwalimu."

Saa saba walicheza. Sauti alikuwa na nyeupe, na akautumia ufunguzi ule ule kwa makusudi. Kufika hatua ya ishirini alikuwa amebanwa kila upande, Kasuku akimsomea miendo ya Mwalimu moja baada ya nyingine bila neno la ziada. Hapo akauona mlango: akiitoa ngome sadaka, farasi wake angepita katikati. Aliupima mara mbili kichwani. Mashine pengine ingemkataza. Akaitoa ngome.

Mwalimu alichukua dakika nne nzima. Kisha ujumbe wake ukaja: "Hii ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilijua. Mashine haina wazimu huu."

Aliichukua ngome, akalizuia shambulio kwa utulivu, na hatua kumi na moja baadaye mfalme wa Sauti hakuwa na pa kukimbilia. Mama Pacha, aliyekuwa ameacha chai ipoe ili asikilize, akauliza nani kashinda.

"Yeye," Sauti alisema, akivaa vipokea sauti vyake kwa furaha ya mtu aliyeshiba. "Kesho namrudia na ufunguzi huo huo."

Akabonyeza kitufe, akapokea simu iliyokuwa ikisubiri, na kabla mtu wa upande wa pili hajamaliza kueleza alikuwa ameshamwunganisha na maabara.