Protasi na Bati la Ukweni

Protasi wa Matiri alikuwa na miaka ishirini na sita, akili timamu kwa maneno ya mama yake, na mchumba aitwaye Luisa. Baba wa Luisa, Mzee Tadei, alikuwa ametoa sharti moja tu, dogo kabisa. "Binti yangu haolewi kwenye nyumba inayovuja," alisema, yeye mwenyewe akiwa amekaa chini ya nyasi zinazovuja tangu enzi za Mjerumani. "Vijana wa siku hizi mnauza kahawa. Nunueni bati."

Haya basi. Protasi akauza kahawa misimu sita. Pombe hakunywa, baiskeli hakununua, na viatu alivaa Jumapili tu, tena kuanzia mlango wa kanisa. Ndipo Othmar, binamu yake Tadei, alipoamua kuhamia ziwani kuvua usipa, akaiuza nyumba yake ya tofali za kuchoma, bati juu. Protasi akainunua. Karani wa baraza akaandika karatasi na kugonga muhuri kama anayeua nyoka.

Mwenye nyumba huyo! Nyumba, ndiyo. Lakini chini yake palikuwa na udongo, na udongo ule ulikuwa wa ntambo, yaani kilima kizima cha ukoo wa kina Tadei, kisichouzwa hata kwa Gavana. Wazee walimweleza kwa upole mno. "Nyumba ni yako, kijana. Ichukue uende nayo. Ardhi tuachie."

Protasi akalitazama bati, akawatazama wazee, nusura alie.

"Njia ipo," akasema Mzee Tadei. "Kesho njoo ule sengu na sisi."

Sengu ni kile chakula ambacho wanaume wa ukoo hula pamoja, kila mke akileta chungu chake, na mambo ya ukoo yakiamuliwa papo hapo. Protasi alirudi kwao akirukaruka. Baba mkwe kamkaribisha! Wala hakujiuliza, huyu msomi wetu wa darasa la nne, tangu lini mkwe akamega ugali mmoja na baba mkwe. Pale Matiri hata mbuzi walijua kwamba mkwe hutengewa chakula chake pembeni.

Akala. Akaongezwa maharage, akala tena. Wazee wakapiga makofi, wakamwita mtoto wa ukoo, wakampa udongo wake bila kinyongo.

Jumapili akamtuma mjomba wake Florian kupeleka posa. Florian alirudi upesi kuliko alivyokwenda.

"Wanauliza," akasema, "tangu lini mtu akamwoa dada yake."

Luisa hakulia. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. "Warudishie nyumba yao," akasema. "Twende kwa mama yako. Ivuje tu, mimi si chumvi niyeyuke."

Mwanamume mwingine angekuwa ameshafunga mkeka wake. Protasi akatazama juu. Misimu sita, jamani!

"Ngoja kidogo," akasema. "Nizungumze na wazee."

Akazungumza nao. Wazee waliyapenda mazungumzo hayo kupita kiasi, hata sengu yenyewe wakaihamishia kwake, kwa kuwa kwake hapavuji. Luisa alingoja mpaka kahawa ikaiva, ikachumwa, ikakauka. Kisha akachoka kungoja.

Wakwe wengine walikuja kumposa Luisa, kutoka kijiji cha Mkumbi, siku ya mvua kubwa, kwa hiyo wakapokelewa kwa Protasi. Wakakaa wakavu, wakaisifu nyumba. Mahari ikawekwa juu ya mkeka, na Mzee Tadei akamgeukia mwanawe mpya. "Dada haondoki mpaka kaka yake aseme neno. Haya, Protasi."

Luisa akainua macho, akamtazama mara moja tu.

"Nakubali," akasema Protasi. Sauti haikutoka vizuri, Mzee Tadei akamtaka arudie ili wakwe wasikie. Akarudia.