Chumvi Mfukoni mwa Koti

Daktari wa Louisville alimwambia baba kwamba mishipa yake ya damu imeanza kukakamaa kwa uzee. Mkalimani nilikuwa mimi, na nilitafsiri kwa madaha: mboga za majani zina nitrati, mwili huigeuza ikawa kitu cha kulegeza mishipa, damu ikapita bila kusukumana. Ila chumvi aiache kabisa. Presha isiposhuka, asahau safari ya Buffalo kwenda kumbariki dada yangu siku ya harusi yake.

Baba aliitikia kwa adabu. Tulipoingia garini akalipuka.

“Donc, kule kwetu milimani hata ng'ombe tulikuwa tunamupatia chumvi! Miye mwenye wajukuu ndiye munanyima?”

Sisi ni watu wa ng'ombe. Majani ni chakula cha ng'ombe, na chumvi ni zawadi yake, kwa hiyo mzee alijiona ameshushwa chini ya mifugo yake mwenyewe. Hata hivyo, nyumbani kwetu Shively, pembeni mwa Louisville, alikula mchicha kila siku bila kununa. Nilijisifu sana kwa mama. Presha iliposhuka kidogo tu, nikaulaumu mchicha wa Marekani. Daktari akaruhusu safari shingo upande.

Njiani tulilala Columbus kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlemaza mkono wa kushoto. Alitupikia mchicha. Baba akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kichupa cha dawa ya presha, akanyunyiza chumvi juu ya sahani yake. Chumvi, ndani ya kichupa cha dawa! Nilichemka. Kabla sijafungua mdomo, shangazi akacheka.

“Bon, weye unaficha mu koti. Miye nilikuwa naficha mu soksi.”

Baba akacheka pia, akamnyooshea kichupa kumtania. Kwetu kitu hupokelewa kwa mikono miwili. Shangazi alikipokea kwa mmoja, akautazama ule mwingine uliolala mapajani.

“Unisamehe, ndugu yangu,” akasema.

Baba alisukuma sahani, akaomba nyingine isiyo na chumvi. Aliimaliza yote, uso ameukunja kama mtoto. Nilimwonea huruma, na niliogopa.

Jumamosi, kule Buffalo, alimwekea dada yangu mikono kichwani. Aliiweka yote miwili, akachelewa kuiondoa.