Nyoka Mwenye Kofia

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni, hapa Sofu, na kitabu cha picha. Ukurasa wa tatu kuna nyoka amevaa kofia na miwani, anatabasamu. Nilikifunga kile kitabu, naye akabaki kunishangaa.

Ngoja nikusimulie. Nimekulia Vihingo kwa bibi, kwenye nyumba iliyonukia moshi na mihogo ya nazi, msitu ukianzia nyuma ya jiko. Kwa bibi nyoka hatajwi. "Ukimtaja, unamwita," alisema. Sisi tulisema kamba. Bibi akitamka tu "kuna kamba kwenye kuni," wote tunatimua mbio, hata mdogo wangu wa miaka minne ambaye hajawahi kuiona hiyo kamba yenyewe.

Siku moja mwalimu aliniazima kitabu cha picha, nikajiona mtu. Nacho kilikuwa na nyoka wa kofia na miwani, kama mzee anayetoka msikitini, anawagawia vifaranga pipi. Nikamwonyesha mdogo wangu. "Anaitwa nyoka," nilimnong'oneza, bibi asisikie. Akampenda sana. Sikumwambia kwamba huyo ndiye kamba. Wala halikunijia akilini.

Mchana mmoja tulikuwa uani tunamenya mihogo. Mdogo wangu akatoka jikoni mbio, kafurahi.

"Bibi, nyoka amekuja!"

"Koma! Usimtaje huyo hapa kwangu!" bibi alifoka, hata kichwa hakuinua.

Nikainamia mhogo wangu, nikiogopa kuulizwa mtoto kalitoa wapi jina hilo. Mdogo wangu akarudi jikoni taratibu. Nikamsikia akisema, "Shikamoo," kama tulivyofundishwa kuwaamkia wakubwa. Kisha akapiga yowe.

Kesho yake tukamzika.

Bibi hakunigombeza hata mara moja, na afadhali angenigombeza. Ila hakusema tena kamba. Kila mtoto aliyepita uani alimshika mkono: "Nyoka. Sema, nyoka. Anauma." Sasa bibi hayupo, msitu umekatwa viwanja, na lile neno letu sijalisikia miaka mingi. Nalikumbuka, na bado nalichukia.

Nyuma ya ukuta wangu kuna kiwanja cha mtu ambacho hajakijenga, majani yamefika kiunoni. Jana nilimuuliza binti yangu atafanya nini akikutana na nyoka. Akacheka, kana kwamba mama yake hajui hata jambo dogo hivyo.

"Nitamwamkia."