Aliyetaka Kugombezwa

Habari ya msiba ilinikuta jikoni, mikono imejaa tui. Ameondoka yule bwana aliyetutengenezea programu ya simu ya kupokelea oda za vyakula, sisi kikundi cha kina mama wapishi hapa Amani. Hakuwa ndugu yangu wala jirani, na jambo la kwanza tulilojiuliza, Mungu atusamehe, ni nani sasa atatutazamia simu ile. Wasomaji wangu mnanijua: skuli sikukaa sana, na kusifu watu si kazi yangu. Basi nikisema huyu aliijua kazi yake, niaminini.

Mara ya kwanza alikuja na viatu vinang'aa, akatueleza kwamba wao watengeneza programu hawapiki chungu kizima kwa siku moja. Wanapika kidogo, wanakuja kuonjesha, wanarudi jikoni. Kila Alkhamisi atatuletea kipande, na sisi tuseme kasoro. Nikampenda kwa hilo. Tukamweka kwenye kiti, tukampa kahawa na halua, akatuonesha simu, akauliza, "Mnaonaje?" Sote kwa pamoja: "Mashaallah, nzuri, mwanangu!" Akaondoka anachekelea. Alkhamisi iliyofuata, vile vile. Na simu yenyewe, wallahi, ilikuwa ikimuuliza mteja anataka sahani ngapi! Harusi za kwetu haziliwi kwa sahani, zinaliwa kwa sinia, watu wamelizunguka. Sote tuliliona hilo. Nani angemwambia? Mgeni haambiwi kwamba kiatu chake kimekanyaga mkeka.

Mwisho harusi moja ikapungukiwa. Mteja kajaza sahani, sisi tukakisia masinia, na wageni wa upande wa bwana harusi wakabaki kutazamana. Mama wa bibi harusi akatupigia: "Mmenivua nguo mbele ya wakwe zangu!" Tukajua likitokea tena, hakuna atakayetupa harusi mji mzima. Ndipo tukamfokea yule bwana. Akashangaa: "Mbona kila nikiuliza mlisema nzuri?" Nikamjibu, "Baba, ulikuwa unakunywa kahawa yetu. Ulitaka tukuseme na halua iko mdomoni?"

Mwengine angenuna. Huyu Alkhamisi iliyofuata alivua viatu mlangoni, akakipita kiti, akaja mpaka uani. "Shikamooni. Nipeni mbuzi ya nazi, leo nnakuna mimi." Tulicheka mpaka machozi. Haukupita muda, mwenzetu mmoja mwenye ulimi mkali akamvamia: "We! Unakuna nazi au unakuna kifuu? Tui litakuwa jeusi hilo!"

"Samahani, bi. Na simu je?"

"Na hiyo simu yako ndo hivyo hivyo! Maandishi madogo kama chawa, na nikikosea hainirudishi nyuma!"

Hapo midomo ikafunguka, kila mtu na lake, naye anakuna huku anaitika "naam, naam." Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Miaka yote nilidhani jembe ni kwa faida ya mwenyeji. Kumbe linamfaa mgeni mwenyewe, kwa sababu aliyeshika jembe ndiye anayeambiwa kweli. Tangu hapo alikuja kila Alkhamisi, kasoro zikawa zinatoka moja moja, mpaka simu ikawa yetu. Kukuna nazi lakini, Mungu amrehemu, hakujua mpaka anakufa.

Siku hizi kila unakokwenda unaulizwa kama umeridhika. Unabonyeza nyota zote upite zako. Hiyo ni adabu tu, si ridhaa. Mteja anayekusifu kila siku bila kukugombeza, huyo huenda anakuaga. Ukitaka kujua kilichomo moyoni mwake, kaa chini anapokaa, ufanye jambo analoweza kukukosoa.

Oda ya hitma ya marehemu ilituingia kwa simu ile ile, kwa masinia, sawasawa. Tukapika. Wenzake wa kazini walipokwisha kula wakaja kuniaga. "Bi, chakula kizuri mno." Nikawakazia macho. "Chumvi je?" Wakatazamana. Mmoja akainamisha kichwa, akasema polepole, "Imezidi kidogo, bi."

"Ahsante," nikamwambia. "Wewe uje Alkhamisi. Nazi zipo."