Lenzi Ndefu na Pembea ya Ta Kaijage

Siku ya kwanza kazini niliajiriwa kupiga chapa, si kupiga picha. Nilitoka shule ya wasichana na cheti changu mkononi na viatu vya dada yangu miguuni, nikakalishwa mbele ya mashine ya chapa katika ofisi ya habari mjini Bukoba. Uhuru ulikuwa bado mpya, na karibu kila barua niliyopewa ilikuwa inamkaribisha mtu kwenye sherehe. Kabla ya saa sita mkuu wetu, ambaye wote tulimwita Bwana Habari, alitoka kwenye chumba cha giza akitetemeka kwa homa. Akaniuliza kama mikono yangu imetulia. Nikamwonyesha. Akaniingiza ndani nimshikie karatasi kwenye dawa, na nilipoona uso wa mtu unajitokeza polepole kwenye karatasi nyeupe, nilisahau barua zote. Mashine ile sikuirudia tena, isipokuwa nilipokuwa nimekosea na napewa adhabu.

Nyinyi mnaopiga picha kwa simu mtaona haya ninayosema ni mambo ya makumbusho, lakini vumilieni. Kamera yetu kubwa ilikuwa ya sanduku, yenye lenzi mbili zilizopangwa juu na chini. Ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo inayopiga. Unaishika tumboni, unainama na kuchungulia kioo kilicho juu yake. Filamu yake ilitoa picha kumi na mbili tu, kwa hiyo ulifikiri kabla ya kubonyeza. Ubaya wake mmoja ni kwamba kioo kile kinageuza pande. Anayekwenda kulia, wewe unamwona anakwenda kushoto.

Jambo hili nililijua kwa kuambiwa. Nilikuja kulielewa kwenye maonyesho ya wakulima, mwaka wangu wa pili, watu fulani walipoleta kwa meli kutoka Mwanza pembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao. Bukoba nzima ilikwenda kuitazama. Watu wazima wenye kanzu na makoti walipanda farasi wale wakiwa wamenyoosha migongo kama wako kanisani. Bwana Habari alitaka picha moja nzuri ya kubandika ubaoni. Nikainama juu ya kioo, farasi wakapita, nikawafuata. Nilivyozidi kuwafuata ndivyo walivyozidi kunikimbia, maana nilikuwa nageuka upande usio wao. Picha zote kumi na mbili zilikuwa na mikia ya farasi. Bwana Habari alizitazama moja moja, kisha akanipa barua za kupiga chapa wiki nzima.

Tangu hapo nikashikwa na udadisi ambao haujaniacha. Niligundua kwamba kwa kitu kinachozunguka, kamera ndogo ya kutazamia jichoni inafaa zaidi, kwa sababu haigeuzi pande na filamu yake ina picha thelathini na sita. Niligundua pia kwamba shata, ule mlango mdogo unaofunguka na kufunga ili mwanga uingie, ukiufunga upesi sana farasi wa mbao anaonekana amesimama tu na hana raha. Ukiuchelewesha kidogo, huku ukimfuata kwa mwendo wake, uso wa mpandaji unabaki wazi na kila kitu nyuma kinakuwa mistari. Hapo ndipo mtazamaji anaamini kwamba kilizunguka. Nilikuwa najifunza haya nikirudi nyumbani Hamugembe, nikiwafuata wapanda baiskeli kwa kamera isiyo na filamu. Majirani walijua nimerukwa na akili na walinihurumia.

Baadaye nilipelekwa Maruku, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa na migomba, nikakaa huko miaka mitatu nikipiga picha za wadudu. Mkuu wangu pale, Bwana Utafiti, alikuwa mtu mkavu asiyependa maneno. Kila nilipotaka kupiga fukusi wa migomba aliweka rula pembeni yake. Nilimwambia siku moja kwamba rula inaharibu picha.

"Bila rula," akasema, "mtu wa mbali atajuaje kama mdudu huyu ni mdogo kama punje au mkubwa kama panya? Wewe ulikuwepo. Yeye hakuwepo."

Niliona ni mambo ya wadudu tu. Nakiri kwamba nilichekea moyoni.

Nilirudi Bukoba wakati vijiji vya ujamaa vimeshika kasi, nikakuta ofisi imepata lenzi ndefu. Ilikuja ndani ya kasha lenye pamba, nene kama mchi. Niliifunga kwenye kamera ndogo, nikasimama mlangoni, nikamwona mwanamke aliyekuwa mbali kule ufukweni akijikuna sikio. Sikulala vizuri siku ile kwa furaha.

Mjue kwamba enzi hizo kwetu picha ilikuwa jambo la kusimama wima. Mtu alivaa nguo yake ya ibada, akakaza uso, na alitaka aonekane mzima mpaka viatu. Ukimkata miguu, anakuuliza umeiacha wapi. Kicheko kilikuwepo tele, lakini kikiiona kamera kinakimbia. Kwa lenzi ndefu ningeweza kumpiga mtu bila yeye kujua, akiwa anacheka kweli. Nilikuwa natafuta tu mahali pa kuijaribu.

Mahali pakapatikana. Katika kijiji kimoja cha ujamaa huko Muleba, fundi seremala aitwaye Ta Kaijage, Ta kwetu ikiwa heshima ya baba, alikuwa ametengeneza pembea ya kuzunguka kwa mikono yake. Alisimika gogo la mti uitwao msizi, juu yake akaweka kitovu cha gurudumu la lori bovu, akakitoboa na kuchomeka mikono sita ya mbao, na kila mkono ukaning'iniza kiti kwa mnyororo. Wanaume wawili walisukuma, viti vikainuka na kuruka nje. Wanakijiji waliomba iletwe Bukoba kwenye maonyesho, iwe kazi ya kijiji chao mbele ya mkoa wote. Kitovu na minyororo vilikuwa mali ya kijiji. Pembea ikikubaliwa, vingebaki kwa fundi. Ikikataliwa, vingerudi stoo. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na kamati ya maonyesho haikuweza kwenda, kwa hiyo ikataka picha. Bwana Habari akanituma mimi.

Ta Kaijage alinipokea kwa kahawa ya kutafuna, kama tunavyompokea mgeni, na binti yake Kemilembe, wa umri wa kuanza shule, akanishika mkono. Baba mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye kidole kimoja kilichokatika nusu, na alikuwa na haraka ya kunionyesha kitu.

"Njoo huku chini uone nafasi niliyoiacha," akaniambia. "Nimezika jiwe pale viti vinapoishia. Kutoka jiweni mpaka kwenye mibuni ni hatua kumi na nne. Watazamaji wanasimama mibuni, hawasogei."

Nilikuwa nimeshaona kilima upande wa pili wa uwanja, na mkono wangu ulikuwa juu ya kasha la lenzi. Nikamjibu, "Nimeona, Tata." Sikuwa nimeona. Nilipanda kilimani nikasimamisha stendi ya miguu mitatu, maana lenzi ndefu haitaki mtikisiko hata wa pumzi, nikasubiri mpaka watu wamenisahau. Viti viliporuka nikapiga. Niliwapata wakicheka, midomo wazi, na nyuma yao watoto kwenye mibuni wakipiga makofi. Nilishuka nikaaga, nikaondoka kabla ya mvua.

Bwana Habari alisema ni picha bora kuliko zote zilizowahi kutoka katika chumba chetu cha giza. Aliichapisha kubwa mwenyewe, akaipeleka kwa kamati akiwa ameibeba kwa mikono miwili. Siku mbili baadaye alikuja mezani kwangu.

"Wamekataa," akasema. "Wamesema pembea hiyo itaua watoto. Wameagiza ivunjwe."

Nikamwambia haiwezekani, kuna hatua kumi na nne. Akaiweka picha mbele yangu pamoja na kioo cha kukuzia. Nikaitazama kwa mara ya kwanza kama mtu ambaye hakuwepo. Mguu wa mpandaji ulikuwa unagusa kichwa cha Kemilembe. Kiti kingine kilikuwa kifuani pa mtoto mwingine. Hapakuwa na hatua kumi na nne pale, hapakuwa hata na moja.

Nilitoka uani na chupa mbili tupu za dawa. Niliziweka juu ya ukuta wa ua, moja mbele, nyingine nyuma hatua tano, nikazipiga kwa lenzi ndefu kutoka mbali, kisha kwa lenzi ya kawaida nikiwa karibu. Nilizisafisha picha mchana ule ule. Kwa mbali chupa zilikuwa zimeshikana mabega. Kwa karibu kila moja ilikuwa na mahali pake. Kwa kuwa sikuridhika, nikasimama kule kule mbali na kupiga kwa lenzi ya kawaida, nikaikuza ile sehemu ndogo ya katikati. Chupa zikashikana vile vile. Basi nikaelewa jambo ambalo wapiga picha wengi hawalijui mpaka leo. Lenzi ndefu haisogezi vitu. Kinachovisogeza ni pale unaposimama. Lenzi ilikuwa imeniruhusu tu kukaa mbali, na miguu yangu ndiyo iliyokataa kushuka kilima.

Nilimpelekea Bwana Habari picha za chupa. Alielewa upesi, alikuwa mtu mwerevu. Alikaa muda mrefu akizipanga mezani.

"Koku," akasema, "nikiiambia kamati kwamba picha hii inadanganya, kesho watauliza ni zipi nyingine zinadanganya. Na watamuuliza aliyeipiga."

Ningeweza kusema waniulize. Sikusema. Niliogopa kurudishwa kwenye mashine ya chapa, na niliogopa zaidi kunyang'anywa kamera. Nilirudi mezani kwangu. Pembea ikavunjwa, kitovu na minyororo vikarudi stoo, na mimi nikapandishwa daraja mwaka uliofuata. Nimeona aibu ya jambo hilo kila nilipofungua lile kasha.

Nilifanya kazi nyingine nyingi, na sitawachosha. Nilipiga mavuno, mikutano, meli zikitia nanga, wanafunzi wa Kahororo kwenye gwaride. Kwenye viwanja vya michezo na pembea nilikuja kuwa na utaratibu wangu. Nilifika na kamera ndogo na lenzi mbili, ya kawaida na pana kidogo. Kabla ya kufungua chochote nilizunguka mahali pote kwa miguu, na nilipanda chombo chenyewe ikibidi, nikiwa nimefunga kanga yangu vizuri. Lenzi ndefu niliitumia kwa nyuso tu, pale ambapo nyuma ya uso hapakuwa na neno. Watu waliniona mgumu. Vijana niliowafundisha walinung'unika kwamba nawatembeza kama karani wa mashamba.

Kisha nikahamishiwa Muleba, wilaya ilipokuwa changa, nikawa na ofisi ya chumba kimoja na mkuu wangu akiwa Bwana Utamaduni, ambaye alipenda ngoma na hakujali picha. Hapakuwa tena na kisingizio cha umbali. Nilijizungusha mwezi mzima nikijiambia nitakwenda kwa Ta Kaijage Jumapili ijayo. Mwishowe nikaitia ile picha ndani ya bahasha, nikaenda.

Ta Kaijage alikuwa amezeeka, lakini kidole chake nilikijua. Nilipiga goti nikamsalimia kwa Kihaya, nikapewa kahawa ya kutafuna, nikashindwa kuitafuna. Nikamweleza yote, chupa na kilima na maneno ya Bwana Habari na kunyamaza kwangu. Nilipomaliza alisema hakuwahi kuiona hiyo picha, walimletea agizo tu. Nikampa.

Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Nilijua anautazama mguu ule juu ya kichwa cha binti yake. Akaweka nusu kidole chake juu ya mtu aliyekuwa anasukuma.

"Huyu ni mimi," akasema. "Sikujua kama nilicheka siku ile."

Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Kisha akasimama, akachukua fimbo yake.

"Sasa shuka uone nafasi."

Uwanja ulikuwa umeota majani na shimo la gogo lilikuwa limejaa, lakini jiwe aliliona bila kutafuta. Alinishika mkono tukatembea kutoka jiweni mpaka mibuni, akinitaka nihesabu kwa sauti. Nilihesabu kumi na nne. Akasema turudi, tuhesabu tena, nisije nikamwambia mtu kwa kukisia. Kemilembe, ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni, alitoka jikoni kuona wakubwa wawili wanafanya nini shambani.

Nikamwomba ruhusa ya kupiga picha moja. Alikwenda kwanza kubadili shati na kuvaa viatu. Kisha akasimama wima kwenye jiwe lake, uso umekazwa, Kemilembe akasimama mibuni, na mimi nikapiga kwa lenzi ya kawaida, karibu, nikihakikisha viatu vyao vyote vinaonekana.

Nimestaafu siku nyingi. Kamera zilibaki ofisini, na za siku hizi nazitazama kwa wajukuu na kuuliza maswali mpaka wanachoka. Nawauliza hasa walisimama wapi. Ukutani kwangu nina picha moja tu ya kazi. Ina mzee kwenye jiwe upande mmoja, mwanamke na mtoto mgongoni upande wa pili, na katikati yao majani matupu. Wageni huikodolea macho, wakaniuliza ni picha ya nini, mbona katikati hamna kitu.

Nawaambia wahesabu hapo katikati. Ni hatua kumi na nne.