Plagi Niliyoitoa Mgeta

Watu wakinisikia naapa kwamba mlima siupandi tena, wanadhani naogopa kona. Kona! Mie niliyekuwa naendesha pikipiki Temeke nzima hata ndevu sijaota.

Tulikuwa watatu, pikipiki mbili. Rafiki yangu wa tangu utotoni na yake, mie na yangu, na jirani yetu mmoja mcheshi kapakiwa nyuma ya rafiki yangu. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, na mie na rafiki yangu tulikuwa tumeitwa usaili Jumatatu asubuhi kwenye shirika la umma. Anatakiwa dereva mmoja tu. "Twende kwanza tukatulize akili," akasema. "Ndugu hatugombanii kazi." Nami nikakubali, fala mie.

Jumamosi tukapanda Mgeta, milimani juu ya Morogoro. Sisemi uongo, kulikuwa kuzuri. Barabara inazunguka ubavuni mwa mlima, chini matuta ya kabichi na njegere, ukungu unakupiga usoni mpaka machozi yanakutoka. Tukafunga turubai kando ya kijito, tukachemsha chai ya rangi, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili asubuhi pikipiki ya rafiki yangu ikagoma. Akachomoa plagi ya kuwashia injini akanionyesha: nyeusi tii, imeungua. Plagi enzi hizo huipati dukani, labda umjue mtu. "Ndugu yangu, niazime yako. Nashuka Morogoro, kuna fundi namjua, kabla ya adhuhuri nimerudi na nyingine." Nikaifungua kwa mkono wangu mwenyewe. Jirani akadandia nyuma, wakaondoka. Kwenye kona ya kwanza rafiki yangu akanipungia mkono.

Adhuhuri ikapita. Jumapili za wakati ule, ikishafika saa nane mchana hakuna gari wala pikipiki kutembea bila kibali, mafuta yalikuwa haba. Saa nane ilipofika nikajua hata akitaka kurudi hawezi. Nikamwonea huruma. Wallahi, nikamwonea huruma yeye! Jumatatu nikasukuma pikipiki mpaka nikapata lori la kabichi, nikaingia Temeke jua likizama. Kazi alishapewa rafiki yangu.

"Saa nane ilinikuta Morogoro, ndugu yangu, ningefanyaje? Nimelala pale, alfajiri nikakimbilia usaili." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Nikamsamehe.

Yeye akavaa sare, akapewa nyumba ya shirika, watoto wakasoma. Mie nikabeba magunia Barabara ya Pugu mpaka mgongo ukapinda.

Miaka ikapita, akamwoza binti yake wa mwisho, nami nikaenda. Tuko kwenye jamvi tunakula pilau, yule jirani, sasa mzee asiye na hata meno ya kuzuia maneno, akaanza kuwachekesha watu. "Huyu tulimwacha Mgeta! Morogoro hatukusimama hata kunywa maji. Ile plagi mbovu mwenzake aliibeba toka Temeke, nzima yake kaificha ndani ya soksi!" Jamvi zima likaangua kicheko. Nikarudisha tonge kwenye sinia.

Rafiki yangu akaja kuwakaribisha wageni. "Ndugu yangu, mbona huli?"

"Plagi yangu iko wapi?"

Akanitazama, akatabasamu, akaniwekea nyama juu ya wali.

"Plagi gani tena?"

Natamani ningesema alikuwa anajifanya. Nilimtazama usoni vizuri kabisa. Alikuwa kasahau.