Rubani na Funzo Lake

Wiki hii, katika zahanati karibu na Ihanja, nilikaa benchi moja na rubani wa ndege isiyo na injini. Yeye na mwenzake walikuwa wameanguka shambani. Mwenzake huyo alikuwa ndani akishonwa kichwa.

"Injini ilizima?" mzee mmoja akamuuliza.

"Haina injini, mzee. Inabebwa na upepo."

"Na upepo ukikata?"

"Unatakiwa kushuka mapema, popote palipo wazi. Mimi nililipita shamba lililovunwa, nikitaka kufika barabarani. Funzo nimelipata."

Mama aliyempakata kuku akamshika bega. "Funzo utatuambia baadaye. Pole kwanza, mwanangu."

Rubani akafunika uso, akalia.

Tangu nimzike mke wangu, wasomi wenzangu huniuliza msiba umenifunza nini. Natamani siku moja waishiwe maswali.